Namba ya Chai ya Mama Mkwe Iliyoninyima Joho

Nina miaka thelathini na minne, mama wa watoto watatu, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kaplong. Haya ninayaandika nikiwa na akili timamu na macho makavu. Machozi niliyamaliza mwaka jana. Kilichobaki ni dharau, na hiyo ninayo tele!

Mume wangu nitamwita Joel. Si jina lake, na hata hili la kuazima naona ni zuri kuliko anavyostahili. Alikuwa hedimasta wa shule jirani na yangu. Mtu wa kuvaa tai kila siku, hata akienda kuangalia ng'ombe akikamuliwa. Alipenda kuitwa Mwalimu Mkuu hata nyumbani, na mimi mjinga nilikuwa nikimwita hivyo.

Nilipopata nafasi ya kusomea digrii wakati wa likizo, Joel alisimama kanisani akatangaza mwenyewe. Akasema bibi akisoma, nyumba yote imesoma. Watu wakapiga makofi, mchungaji akamshika mkono. Laiti ningejua kwamba yale makofi ndiyo aliyoyataka!

Sasa nieleze habari ya namba, maana upumbavu wangu ulianzia hapo.

Mama yake Joel tunamwita Bot Joel, yaani Mama Joel. Hajui kusoma. Lakini namba yake ya mkulima wa chai anaijua kuliko siku ya kuzaliwa kwa mtoto yeyote. Ni 0417. Kwetu kila mwenye chai ana namba yake, na majani yakipimwa kwenye kituo cha kununulia, karani huita namba hiyo kwa sauti. Kilima kizima kinajua namba ya kila mtu. Wengine hata husalimiana kwa namba, kwa mzaha.

Wiki niliyoolewa nilibebeshwa kikapu. Tulipofika kituoni, karani akauliza huyu mgeni ni nani. Bot Joel akajibu kwamba ni wa sifuri nne moja saba. Ndivyo nilivyoingia katika ukoo, na ukweli ni kwamba niliona fahari.

Nilipokuwa katikati ya masomo, chuo kilileta kitu kipya. Badala ya kusafiri mpaka chuoni kuuliza umefika wapi, ungeenda kwenye kituo cha kompyuta mjini Kericho, kilichounganishwa na chuo kwa laini ya simu. Ungeandika namba yako ya uanafunzi na namba ya siri ya tarakimu nne. Kisha masomo yako yote yanajipanga mbele yako... uliyomaliza yana nyota, yaliyobaki hayana. Chini kabisa unaambiwa umemaliza asilimia ngapi ya digrii. Ungeweza pia kujiandikisha kwa somo jipya au kujiondoa, papo hapo, bila kuona uso wa mtu.

Msichana wa pale alituambia tuchague namba ambayo hatutaisahau kamwe. Ningechagua ipi? Bila kufikiri nikaandika 0417.

Namba ya siri... inayopigiwa kelele kituoni mara tatu kwa wiki! Hebu nichekeni, wasomaji wenzangu. Mimi mwenyewe nimejicheka vya kutosha.

Siku za kwanza nilienda Kericho mwenyewe. Nilikuwa nikirudi na ile karatasi ndefu yenye vitobo pembeni, naibandika ukutani kando ya kalenda. Asilimia sitini na moja. Sabini na nne. Themanini na tatu! Bot Joel alikuwa akiniuliza ni kilo ngapi leo, nami namwambia. Yeye aliielewa vizuri sana. Kwake ilikuwa kama kadi ya majani, unapeleka kidogo kidogo, nayo inapanda.

Kila mgeni aliyeingia aliisoma karatasi ile. Mchungaji akiisoma alimpongeza Joel. Lakini walimu wenzake wakiisoma walimtania. Wakaanza kumwita Bwana Digrii. Walimuuliza kama siku hizi anapiga hodi chumbani. Yeye alikuwa akicheka nao, kisha wakishaondoka anasema chai ilikuwa na sukari kidogo, au watoto hawajafundishwa adabu. Nilidhani ni uchovu wa kazi... Mwanamume mzima, mwenye kiboko na kengele ya shule, alikuwa anaionea wivu karatasi!

Kisha zikaja zile mvua za El Nino. Barabara zikabomoka, na mimi nilikuwa na mimba ya mtoto wa tatu. Joel akajitolea. Akasema nisihangaike, yeye ataniangalizia maendeleo yangu kila akienda Kericho kwa shughuli za shule. Namba ya siri hakuniuliza, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia nikicheka kwamba ni ya mama yake. Niliona nimepata mume ambaye wanawake wengine wanamwota tu.

Muhula wa mwisho nilibakiwa na masomo matatu. Moja lilikuwa la takwimu za elimu, ambalo hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Nilijiandikisha kwa yote matatu mwenyewe kabla ya kujifungua, nikahudhuria masomo nikiwa na mtoto mgongoni. Wakati huohuo shule moja ya upili ya wasichana ilikuwa imeniahidi kazi. Mkuu wa shule, mama mmoja mkali lakini wa haki, aliniambia ataniwekea nafasi mpaka siku ya mahafali, si zaidi. Nafasi ile nilikuwa nimeiomba kwa Mungu miaka sita.

Siku ya mtihani wa takwimu, jina langu halikuwa kwenye orodha. Msimamizi akaniandika kwa kalamu chini kabisa, akasema nihakikishe jambo hilo limerekebishwa. Nikarudi nyumbani na wasiwasi, nikamtuma Joel Kericho haraka.

Alirudi jioni akitabasamu. Akasema jina limerekebishwa. Wiki chache baadaye nikamtuma tena, akarudi akasema matokeo yameingia, na kompyuta imesema asilimia mia. Nilipouliza karatasi iko wapi, akasema mashine ya kuchapia imeisha wino.

Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini mimi macho yangu nilikuwa nimemkabidhi mtu mwingine, na nikalia kwa furaha kifuani mwake!

Sherehe ikatangazwa kanisani. Bot Joel akatoa vibuyu vyake vitatu vizuri, akavisafisha kwa makaa ya mti wa senetwet na kuandaa mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, ili siku ile nikiingia nyumbani nipokewe kwa maziwa kama wanavyopokewa mashujaa wetu. Na Joel, sikieni hili, Joel akaenda kwa fundi akapimwa suti. Alijua hakuna digrii. Alijua hakuna joho. Lakini alisimama pale mikono imenyooshwa, akapimwa mabega! 

Wiki moja kabla ya mahafali nilikwenda chuoni kuchukua joho. Karani alipitisha kidole kwenye orodha mara mbili, kisha akaniomba nisimame kando wengine wahudumiwe. Nilisimama kando na mfuko wangu mtupu wa kubebea joho.

Mama mmoja wa ofisi ya kumbukumbu alinifungulia rekodi yangu. Asilimia tisini na saba. Somo la takwimu halikuwemo. Karatasi yangu ya mtihani iliwekwa kando bila kusahihishwa, kwa sababu sikuwa mwanafunzi wa somo lile. Nikamwambia nilijiandikisha kwa mkono wangu. Akanigeuzia ile kompyuta nione mwenyewe.

"Ulijiandikisha, ndiyo," akasema. "Halafu ukajiondoa. Jumamosi hii hapa, saa tano asubuhi, kutoka Kericho, na namba yako ya siri."

Niliangalia ile tarehe. Jumamosi hiyo nilikuwa katika hospitali ya misheni, nimelala kwenye kiti kando ya kitanda cha mtoto wangu mchanga aliyekuwa na nimonia. Joel alikuja alasiri na mkate na kopo la kakao. Alisema amechelewa kwa sababu alipitia Kericho kutafutia mtoto blanketi, akakosa.

Mtoto alikuwa anapumua kwa shida... na baba yake alikuwa Kericho, akibonyeza namba ya mama yake mzazi, akinifuta! Mtu wa namna gani huyo? Mnyama angalau humjua mtoto wake akiwa mgonjwa.

Nilipofika nyumbani nilimkuta sebuleni akipiga viatu rangi. Bot Joel alikuwa mlangoni na kibuyu mapajani. Nilimwekea Joel mezani karatasi niliyochapiwa chuoni, nikaweka kidole kwenye tarehe. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma mstari mmoja. Nikamuuliza kwa nini.

"Si nilitaka tu uchelewe kidogo," akasema.

Kidogo! Miaka minne ya kuamka alfajiri, kunyonyesha darasani, kusoma nikiwa nimesimama jikoni, halafu mtu anaipima kwa neno kidogo. Akaendelea kujieleza. Watu walikuwa wanamcheka sokoni. Mwanaume ataongozaje nyumba ambayo bibi ana digrii na yeye hana? Alipanga kuniambia, lakini kila siku ilikuwa ngumu, na sherehe ikawa imetangazwa, na suti ikawa imeshashonwa. Alisema hayo bila kuweka chini brashi ya viatu.

Nilitarajia ningempigia kelele. Sikuweza. Nilimwangalia tu, nikaona jinsi alivyo mdogo. Miaka kumi nilikuwa nimeishi na mtu mdogo namna ile, nikidhani ni tai yake inayomfanya aonekane mkubwa.

Bot Joel hakuelewa habari za kompyuta, akaniuliza mwanawe aliingiaje humo. Nikamwambia ametumia namba yake ya chai. Akaweka kibuyu chini polepole. Alizungumza Kipsigis, nami nayaandika kwa Kiswahili maneno yake.

"Namba hiyo nimepelekea majani tangu wewe ukiwa mgongoni mwangu," alimwambia. "Ilikulisha, ikakusomesha. Haijawahi kuiba hata jani la mtu. Wewe umeifanya mwizi."

Joel akatoka nje. Nilidhani mambo yameishia hapo, na kilichobaki ni kuwaambia watu wasije. Lakini utawaambia wangapi? Wengine walikuwa wanatoka mbali, Sigor na kwingineko, na simu majumbani mwao hazikuwepo. Siku ikafika, nao wakafika, wamevaa vizuri, wanauliza joho liko wapi. Walikuja pia walimu wenzake, wale wa Bwana Digrii. Na Joel alikuwa amevaa ile suti! Alikuwa ameniomba tuseme chuo kimeahirisha mahafali.

Sikupata nafasi ya kusema lolote. Bot Joel alisimama katikati ya boma na kibuyu mkononi, mwanamke ambaye hata kanisani huomba kwa kunong'ona. Akawaambia wageni wakae, maziwa yapo, watakunywa.

"Lakini leo hakuna digrii," akasema. "Iliibwa. Aliyeiiba ni huyu wangu, huyu wa suti."

Hakuna aliyecheka. Hata wale waliozoea kumtania walitazama viatu vyao. Mchungaji akaanza kusema tuombe, Bot Joel akamwambia angoje kwanza, kisha akanijazia kikombe cha kwanza mimi, mbele ya wote. Nilikunywa chote. Joel alipita nyuma ya zizi na suti yake, na sijui hata alilala wapi.

Nafasi ya shule ya wasichana ilikwenda kwa mtu mwingine. Yule mkuu wa shule alinihurumia, lakini alikuwa ameshasema si zaidi ya mahafali, na sikumlaumu. Hilo ndilo jeraha ambalo halijapona. Digrii unaweza kuirudia. Nafasi ile haikurudi, na kila asubuhi nikiwaona wasichana wa shule ile na sweta zao wakipanda kilima, moyo unaniuma.

Joel aliomba uhamisho, sasa yuko Chebunyo. Alituma wazee mara mbili kuniomba msamaha. Mama yake ndiye aliyewarudisha, kwa upole, na chai wakanywa. Mimi nimebaki pale pale, kwa mama mkwe, nikichuma majani ya 0417. Watu wanasema haijawahi kuonekana, mume kuondoka na bibi kubaki kwa mama wa mume. Basi sasa wameona.

Somo la takwimu nililirudia mwaka mzima baadaye. Safari hii nilienda Kericho mwenyewe kila mara, hata kwa miguu pale barabara ilipokatika. Mwaka huu nimevaa joho. Bot Joel alinipokea langoni kwa kibuyu kile kile.

Dada zangu mnaosoma, na nyinyi kaka pia, nawasihi msipite njia yangu. Msimpe mtu awasomee maendeleo yenu, hata akiwa amewavisha pete mbele ya kanisa zima. Ukimpa akusomee, umempa na kalamu ya kufuta. Na ukiona mtu anapenda kupigiwa makofi kwa sababu ya juhudi zako, muulize atafanya nini siku makofi yakiwa yako. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilivaa tai.

Namba ya siri nimebadilisha. Siku moja tukichuma, Bot Joel aliniuliza mpya ni ipi. Nikamwambia, Mama, hiyo hata wewe sikuambii. Akakata majani mawili na chipukizi, akatupa kikapuni, akasema sasa ndio umesoma.