Tawi Lililogeuka Bendera

Kila asubuhi Rosa aliamkia kazi zile zile: kuchota maji kisimani, kufagia uwanja, kumbembeleza mdogo wake mpaka alale. Pale Makere hakuna aliyekusifu kwa hayo. Lakini likizo ya Juni ilikuwa na raha yake, maana Therese alikuwa anakuja.

Therese alikuwa binti wa baba yake mdogo, aliyefanya kazi reli huko Dar es Salaam. Alipanda treni mpaka Kazuramimba, akamalizia na lori la maharage. Alishuka vumbi tupu, na neno lake la kwanza halikubadilika mwaka hata mwaka: "Kesho tunatembea wapi?" Dar, alisema, unatembea ukitazama miguu usije ukakanyaga uchafu. Huku unatembea ukitazama vilima.

Rosa vilima alivizoea. Yeye alitaka treni, ambayo hajawahi kuiona hata mkia. Akienda kisimani aliisikia kichwani, ikinguruma taratibu ndani ya ndoo.

Safari hii walikwenda na mama Kitanga kwa shangazi, kumpelekea mtoto mchanga amwone. Shangazi alihamia huko karibuni, na mama hakuijua njia. Rosa aliijua, kwa sababu alifuatana na baba siku ya kuhamisha mizigo.

Walitoka na ukungu. Mabonde yalikuwa yamejaa, vilima vimebaki vichwa tu, na watu waliokutana nao walitokea ghafla, wakasalimia "Mwakeye", wakayeyuka tena. Mbele kidogo mtoto akaanza kulia. Mama akakaa kwenye jiwe amnyonyeshe.

"Nyie tangulieni," alisema. "Huyu akishika ziwa hana haraka. Rosa, ukifika njia panda, funga njia."

"Sawa, mama."

Kufunga njia kila mtu kule anakujua. Anayetangulia anakata tawi bichi, analilaza kwenye njia isiyo yenyewe. Anayekuja nyuma akiliona, anajua huku si kwangu. Hakuna anayeligusa. Hata walevi wanaliheshimu.

Pale njia panda, njia moja ilipanda kwenda Kitanga, nyembamba na ya mawe. Nyingine ilishuka bondeni kwenye matete, pana, laini, inaita miguu. Rosa akakata tawi lenye majani mengi, akalilaza kwenye ile ya bondeni.

"Treni ikitaka kuondoka inafanyaje?" aliuliza.

"Gadi anapunga bendera ya kijani," Therese akajibu. "Nipe kitu cha kijani nikuonyeshe."

Rosa akainama, akaokota tawi lile lile. Nitakata jingine, alijiambia. Therese akalipunga, akapiga mluzi mrefu, na Rosa akaondoka mbio, viwiko vikizunguka kama magurudumu. Nyasi zilipita pembeni. Kila kilima kikawa stesheni: Uvinza, Nguruka, Kaliua, Tabora. Ukungu ukawa moshi wake. Walipofika kwa shangazi hakujua walitembea kwa muda gani, na lile tawi jingine lilishapotea akilini.

Viazi vikaiva, vikapoa. Jua likaanza kuelekea Burundi. Mama hajatokea.

"Njia ulifunga?" akauliza Nkunzimana, mume wa shangazi.

Rosa akaliona lile tawi la bendera limeegemezwa ukutani, limenyauka.

"Nilifunga."

"Basi yuko humu humu njiani. Labda mguu umemuuma." Akachukua panga, akashika njia ya kilimani.

Therese akamnong'oneza, "Nyamaza wewe, utachapwa. Atafika tu."

Rosa akajitetea moyoni. Kufunga si alifunga kweli? Lakini macho yake yalikuwa bondeni. Akilini alimwona mama akishuka kwenye ile njia laini bila wasiwasi, mtoto mgongoni, kwa kuwa aliyetangulia ni mwanawe. Mbele yake matope, kisha mto, kisha baridi.

"Shangazi," alisema, "nimedanganya. Nilifunga, halafu nikafungua. Tawi ni lile pale."

Shangazi hakupoteza muda kugomba. Alipanda juu ya kichuguu, akamwita mumewe kwa sauti iliyovuka kilima na kurudi. "Geuka! Yuko bondeni!"

Walishuka wote bondeni, wakamkuta mwanga bado upo, amekaa pembeni mwa matete, kitenge kimelowa mpaka magotini. Mtoto alikuwa kakumbatiwa kifuani, anatetemeka kidogo.

"Nilitafuta tawi," mama alisema. "Sikuona. Nikasema Rosa hawezi kuniacha hivi hivi. Kama hajafunga, basi ni hii pana, ile ya mawe ni ya mbuzi."

"Nilikuwa treni, mama," Rosa akasema, machozi yanamtoka, akaeleza yote, hata uongo wake.

Mama akacheka, cheko la mtu aliyechoka. "Na treni inapita wapi?"

"Kwenye reli," Therese akajibu nyuma yao, kwa sauti ndogo.

"Huku kwetu hakuna reli. Anayetangulia ndiye reli ya anayemfuata. Kusahau, mwana wanje, hata mimi nasahau. Ila uongo wako ungesimama, wangenitafuta kilimani mpaka asubuhi, mimi niko huku na mtoto huyu. Kosa ukilisema mapema linatengenezeka. Ukilificha linaota mizizi."

Walirudi wakipanda polepole, Nkunzimana kambeba mtoto ndani ya koti lake. Njia panda Rosa akasimama. Akaomba panga, akakata tawi bichi, akalilaza kwenye njia ya bondeni.

"La nani tena hilo?" akauliza Nkunzimana. "Si tupo wote hapa?"

"Mwache," mama alisema. "Nyuma hakukosi mtu."