Mfereji wa Dirisha la Bibi

Kila Jumamosi, akishamaliza chai na kuosha kikombe chake, Pangaboi alivaa ovaroli lililomzidi kimo na kuingia kwenye gereji ya mama yake nyuma ya nyumba. Jina hilo alibandikwa na bibi yake, kwa sababu mtoto huyu, kama feni ya darini, hakujua kutulia. Hata akila, miguu ilicheza chini ya meza.

Mama yake alikuwa fundi wa kufufua magari ya zamani. Mwaka huu alihangaika na gari la marehemu Babu, lililokaa chini ya turubai tangu Pangaboi hajazaliwa. Jumamosi moja, mchana, Bibi angekuja kulipanda kwa mara ya kwanza tangu afiwe na mumewe. Ulibaki mlango wa upande wake tu, na Mama aliamua kumwachia binti yake huyo kazi ya kutia mfereji wa kioo. Huo ni ukanda mwembamba wa chuma, uliotandikwa kitambaa laini, ambamo ukingo wa kioo huteleza kinapopanda na kushuka. Mlango wa dereva walikuwa wameufanya pamoja wiki iliyopita, hivyo kazi aliijua.

"Pinda kwanza, kata mwisho," Mama alimkumbusha kabla ya kwenda kuchukua bampa kwa mchomeleaji. "Na hicho kioo, mwanangu, nimekisaka miezi minane. Hakuna kingine."

Kioo chenyewe kilikuwa kimeshateremshwa ndani ya tumbo la mlango. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu. Saa nne timu ya netiboli ya mtaa ilikuwa na mechi, na Pangaboi ndiye mfungaji wao. Alipima fremu ya dirisha harakaharaka, akakata mfereji kwa msumeno, ndipo akaupinda kufuata kona. Kona ilikuwa imekula urefu, na mwishoni pamebaki pengo la vidole viwili.

Alijaribu kuuvuta, wapi. Akalizunguka gari mara mbili akijitafuna kucha, mpaka akaona kipande cha mfereji wa zamani kwenye pipa la vyuma chakavu. Akakichomeka penye pengo, akafunika kiungo kwa gundi na kitambaa, akakaza skrubu zote. Kwa macho usingejua kitu. Akatoka mbio.

Uwanjani hakufunga hata goli moja. Wenzake wakamuuliza kama mikono kaiacha nyumbani. Alichokiacha nyumbani ni akili, na ilikuwa imeganda kwenye ile kona. Alijiambia kuwa gundi itashika. Alijiambia pia kuwa huenda hakuna atakayekipandisha kioo leo.

Aliporudi, Bibi alikuwa ameshaketi garini, mkoba mapajani, akipapasa kiti. Mama alikuwa nyuma akifunga bampa. Bibi akasema ngoja ajaribu dirisha lake, akashika mkono wa kuzungushia. Kioo kikaanza kupanda.

Angeweza kunyamaza. Kikipasuka, wangesema ni uzee wa kioo. Wazo hilo lilimpitia, naye akaona aibu kubwa. Akauwahi mkono wa Bibi.

"Bibi, usizungushe. Mfereji nimeukata mfupi. Nikaunga kwa kipande kibovu, halafu nikaficha."

Mama akaja na tochi, akapitisha kidole polepole ndani ya mfereji mpaka kikakwama. Chuma cha zamani kilikuwa kimejitokeza kiasi cha punje ya mchele, kikali kama wembe. Kioo kilibakiza vidole vinne kukifikia.

Pangaboi akaanza kulia. Mama hasira zilimpanda, wala hakuzificha. Aliibwaga tochi kitini, akatoka nje, akarudi baada ya muda.

"Kukata vibaya hata mimi nimekata, tena mara nyingi," alisema. "Mfereji mwingine tutaagiza, utafika wiki ijayo. Lakini ulipoficha, ulimwachia Bibi yako akivunje kioo kwa mkono wake mwenyewe. Kazi ikikushinda, niambie imekushinda. Hapo ndipo nitaweza kukuachia nyingine."

Pangaboi akauliza kwa kwikwi kama basi safari imevunjika.

"Nani kasema?" Bibi alijibu. "Miaka yote nilipanda gari hili kioo kikiwa chini. Babu yako alilalamikia vumbi mpaka akachoka."

Wakatoka hivyohivyo, kiwiko cha Bibi dirishani, mtandio ukimpepea.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mechi nyingine. Pangaboi aliwaambia wenzake kuwa atachelewa. Alipinda kwanza, akakata mwisho, akaziacha skrubu zikiwa zimelegea na kumwita Mama akague kabla ya kukaza. Kioo kikapanda kimya mpaka juu.

Bibi alipokuja alikipandisha mwenyewe, akamsifu mjukuu wake kwa kazi safi. Kisha akakiteremsha chote mpaka chini, akatoa kiwiko nje, akamwambia Mama awashe gari.