Lesieli na Mtihani wa Kichwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Lesieli alikimbia mpaka kituo cha treni cha Mount Druitt, magharibi mwa Sydney, na kurudi, akaoga, akavaa sare, kisha akampelekea baba yake mkubwa chai kule gerejini alikolala. Kukimbia hakukumsumbua. Kazi ilikuwa hiyo chai.

Mlango wa gereji uligongwa kwa kidole kimoja. Taa haikuwashwa. Kikombe hakikutakiwa kulia juu ya kisahani chake. Baba Mkubwa Viliami aliwahi kuwa mchezaji wa kulipwa wa raga ya ligi, na picha yake akiwa amebeba mpira kifuani, wanaume watatu wakimning'inia mgongoni, bado ilikuwa ukutani sebuleni. Siku hizi mwanga ulimuumiza na kelele zilimpandisha hasira. Siku njema alimtania Lesieli mpaka chai ikampalia. Siku mbaya alikirusha kikombe. Ukuta wa gereji ulikuwa na madoa ya chai yaliyolingana na kimo cha kichwa cha mtu.

"Ni mimi, Baba Mkubwa."

"Najua ni wewe. Unatembea kama ng'ombe. Weka hapo. Jumamosi unacheza?"

"Nacheza. Mechi ya kwanza ya majaribio."

"Basi waumize," alisema gizani, akacheka. "Lakini salini kwanza."

Lesieli alikuwa na miaka kumi na minne. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, na mama yake, Seini, alifanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea. Tangu alipoanza kushika mpira, Lesieli alitaka kitu kimoja tu: kuchaguliwa katika akademia ya wasichana ya klabu kubwa ya upande ule wa Sydney. Anayechaguliwa hupewa walimu wa mazoezi, viatu, na njia ya kupanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka timu ya wakubwa. Wateuzi wangetazama mechi mbili za majaribio, kisha wangewataja wasichana waliowataka.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mama yake hakulijua. Januari, kabla ya msimu kuanza, kila msichana alipimwa kichwa akiwa mzima. Daktari Hoa wa timu alisoma maneno, nawe ukayarudia. Ulitaja miezi kwa kurudi nyuma. Ulisimama kwa mguu mmoja umefumba macho. Baadaye ukigongwa kichwa uwanjani, ulirudia mtihani uleule, na daktari akalinganisha.

Baba Mkubwa ndiye aliyempa siri, kwa upendo, kama mtu anayemrithisha mtoto kitu cha thamani.

"Sikiliza, mwanangu. Huo mtihani wa Januari usiufaulu. Jifanye mjinga kidogo. Yumbayumba. Sahau maneno. Ukigongwa baadaye matokeo yatafanana, watakurudisha uwanjani. Sisi wote tulifanya hivyo."

Lesieli akafanya hivyo. Alikumbuka maneno yote akayataja mawili tu. Aliposimama kwa mguu mmoja, aliangusha mwingine makusudi.

"Hukulala vizuri?" Daktari Hoa aliuliza.

"Ndiyo, Daktari."

Mechi ya kwanza ilikuwa ya vita tangu filimbi ya mwanzo. Wasichana walikutana kifua kwa kifua, na mlio wake ulisikika mpaka kwenye banda la soseji. Namba nane wa wapinzani alikuwa mpana wa mabega, mwenye mdomo kuliko refa.

"We mtoto wa kanisani," alimwambia Lesieli walipokuwa wakisubiri mpira. "Leo utaomba mpaka mama yako asikie."

"Leta mwili, acha hotuba," Lesieli akajibu.

Akauleta. Namba nane alikimbia moja kwa moja, magoti yakipanda juu, na Lesieli akainama kumkaba. Aliinama vibaya. Nyonga ya yule msichana ikampiga juu ya sikio. Kitu cheupe kilipasuka ndani ya macho yake. Alipoona tena, alikuwa amelala na nyasi mdomoni, damu ikimtoka puani, na hakukumbuka alivyofika pale.

Akainuka haraka. Kuinuka haraka pia alifundishwa na Baba Mkubwa.

"Ni bega," alimwambia Daktari Hoa. "Nimeumia bega tu."

Daktari alimtoa nje akampima. Lesieli aliyumba, akakumbuka maneno mawili. Safari hii hakuwa akijifanya, lakini daktari angejuaje? Alilinganisha na Januari akaona hakuna kilichobadilika.

"Leo huchezi tena," alisema. "Ukipata maumivu ya kichwa, ukitapika, ukiona vibaya, niambie. Usinifiche."

"Sitakuficha, Daktari."

Usiku ule alitapika bafuni huku akifungulia maji ya bomba ili mama yake asisikie.

Kesho yake ilikuwa Fakame, Jumapili ambayo watoto wa Kitonga kama Lesieli, wenye asili ya visiwa vya Tonga katika Pasifiki, husimama mbele ya kanisa na kusema kwa moyo aya walizofundishwa nyumbani. Lesieli alikuwa akizisema zake wiki nyingi, jikoni, njiani, hata akiwa anapiga mswaki. Alisimama katika gauni jeupe aliloshonewa na mama yake. Akafungua mdomo. Aya ya kwanza ikatoka vizuri. Baada ya hapo hapakuwa na kitu, kama mtu aliyefungua kabati akakuta vyombo vyote vimehamishwa.

Kanisa zima lilingoja. Mchungaji alimnong'oneza neno la kwanza la aya ya pili. Lesieli alilisikia neno lile kama hajawahi kulisikia maishani. Mama yake, aliyekuwa akizifuata aya kwa midomo tangu mwanzo, alifunga mdomo. Kwenye kiti cha nyuma kabisa, akiwa na miwani yake nyeusi, Baba Mkubwa aliinamisha kichwa.

Nyumbani meza ilijaa: nguruwe wa kuchoma, viazi vikuu, nyama ya kopo iliyopikwa kwa tui ndani ya majani ya magimbi. Ndugu walikuwa wengi na kelele zilikuwa nyingi. Kila kicheko kiliingia kichwani mwa Lesieli kama msumari. Binamu yake Tevita alisimama juu ya kiti, akakunja mikono kama mtoto anayesali, akafungua mdomo na kunyamaza, macho yamemtoka.

"Huyu ni nani?" aliuliza. "Ni Lesieli mbele ya kanisa!"

Watu wakacheka. Lesieli hakujua alifikaje pale. Alichojua ni kwamba ngumi yake ilikuwa imeshampata Tevita usoni, kiti kimeanguka, na yeye alikuwa juu yake akimpiga tena, na tena, damu ya pua ya Tevita ikirukia gauni jeupe.

"Lesieli! Mwache! Utamuua!" Mama Seini alimvuta kwa nywele, na hata hivyo walihitajika watu wawili kumbandua.

Lesieli aliitazama mikono yake. Alikuwa ameshaiona mikono ya hasira kama hiyo gerejini, ikirusha vikombe, lakini haikuwa yake. Alipoinua macho alimwona Baba Mkubwa amesimama mlangoni, akimtazama kama mtu aliyejiona kwenye kioo asichokitarajia. Aligeuka akaingia gerejini, na kwa muda mrefu walisikia vitu vikivunjika humo ndani.

Mama Seini alisema ni hasira za aibu, akamwadhibu kwa kazi za nyumbani wiki nzima. Lesieli alikubali adhabu bila kujitetea. Alifua, akapiga pasi, akafumba macho kila alipopita dirishani. Jumamosi ilikuwa inakuja. Mechi moja tu, aliwaza. Mechi moja, wanitaje jina, kisha nitapumzika.

Jumamosi ilifika, na wateuzi walikaa kwenye viti vyao vya kukunja, kofia zimeshuka machoni. Mara ya kwanza Lesieli alipopokea mpira alikimbia kwa nguvu zote, akamkanyaga mmoja, akambeba wa pili mgongoni, na ilichukua wasichana wanne kumwangusha. Mmoja wa wateuzi alisimama.

"Hivyo hivyo, Les!" alipiga kelele Kocha Maree wa timu yao. "Tena!"

Lesieli alinyanyuka. Uwanja ulipanda upande mmoja ukashuka mwingine. Namba tisa wa wapinzani alichukua mpira, na Lesieli akawaona wawili wanakuja. Akamkaba asiyekuwepo. Yule wa kweli akampitia juu, kiatu kikamchana shavu.

Hapo ndipo zogo lilipotokea upande wa uzio. Mzee mkubwa mwenye miwani nyeusi alikuwa anaruka waya. Alikuwa amejifunga kiunoni mkeka mkuukuu uliochanika, ule ambao Mtonga huufunga akienda msibani au kuomba msamaha. Mlinzi mmoja alimshika mkono. Mzee akamtupa kando kama mto. Wa pili alimrukia kwa nyuma, wa tatu akamshika miguu, wote wakaanguka kwa kishindo ndani ya mstari.

"Mtoeni mtoto!" Baba Mkubwa alinguruma, shavu lake limekandamizwa kwenye nyasi. "Kichwa chake kimeumia! Mtihani wa Januari ni uongo! Mimi ndiye niliyemfundisha!"

Refa alipuliza filimbi. Kwenye majukwaa watu walianza kucheka.

"Babu kazidisha bia!" mtu mmoja alisema.

"Mzee, tulia, nisikuvunje mkono," alisema mlinzi, akiukunja mkono wenyewe mgongoni. Mkeka ulikatika kamba, ukatawanyika.

Kocha Maree alikuja mbio mpaka kwa Lesieli. "Unamfahamu huyu?"

"Ni baba yangu mkubwa."

"Yuko sawa kichwani?"

Lesieli alipangusa damu shavuni.

"Les, wateuzi wanakuangalia wewe, si mwingine. Niambie tu. Kuna ukweli wowote katika anayosema? Kama hakuna, walinzi watamtoa na tutaendelea."

Neno "hakuna" lilikuwa tayari ulimini. Lilikuwa jepesi. Kila mtu pale angeliamini, maana nani angemsikiliza mzee aliyelazwa chini, mwenye miwani iliyovunjika, anayefumba macho kwa sababu ya jua? Wangemtoa kama kichaa. Yeye angebaki na kuchaguliwa. Lesieli alimtazama Baba Mkubwa, mtu ambaye hakutoka gerejini mchana ila kwenda kanisani, na sasa alikuwa amekuja kwenye jua kali na kelele zote zile kwa ajili yake.

"Ni kweli," alisema.

"Nini?"

"Ni kweli, Kocha. Januari nilijifanya. Na wiki iliyopita sikuumia bega, niligongwa kichwa. Natapika. Sasa hivi nakuona uko wawili." Akaanza kulia. "Mwambieni amwachie mkono. Anaumia."

Daktari Hoa alimkalisha palepale kwenye nyasi, akamsomea maneno: kisu, sufuria, dirisha, mkate, kamba. Kisha akamwambia ayarudie.

"Mkate," alisema Lesieli. Alitafuta mengine. Hayakuwepo.

Walimpeleka hospitali. Mama Seini alifika akiwa bado na sare ya kazi, na pamoja na Baba Mkubwa, ambaye walinzi walikuwa wamemwachia, wote watatu walingoja majibu wakiomba kwa sauti ya chini. Mungu ni mwema: ubongo haukuvuja damu. Lakini daktari wa pale aliwaambia wazi kwamba pigo la pili juu ya la kwanza ambalo halijapona linaweza kumuua mtoto siku hiyohiyo, au kumwachia ulemavu wa kudumu.

Jioni Kocha Maree alikuja. Hakuja na maua.

"Nimekasirika," alisema. "Ulinifanya nikutume uwanjani ukiwa mgonjwa. Ungenifia pale, ningefanyaje na maisha yangu? Mwaka huu humo kwenye akademia. Utapumzika mpaka madaktari waridhike. Halafu ukitaka, Januari uje ujaribu tena. Mkimbiaji kama wewe simfukuzi. Mwongo ndiye nitakayemfukuza."

"Nitakuja, Kocha."

Kocha alipoondoka, Baba Mkubwa alivuta kiti karibu na kitanda. Taa ya chumba ilikuwa imezimwa kwa ajili yao wote wawili.

"Nilidhani nakupa njia," alisema polepole. "Njia yenyewe ndiyo hii niliyopita. Mara ngapi nilimwambia daktari niko sawa? Sikumbuki, na kutokumbuka huko ndiko malipo yake. Mwanangu, unayemficha daktari maumivu yako, humshindi yeye. Unajiibia mwenyewe."

Mama Seini alikuwa amesimama dirishani, mkeka uliochanika mikononi mwake, akiufunga kamba upya. "Basi na wewe, shemeji," alisema bila kugeuka. "Jumatatu nakupeleka kwa Daktari Hoa. Usianze kunikatalia."

Baba Mkubwa alimtazama Lesieli kama anayeomba msaada. Lesieli akamwonyesha mama yake kwa kidevu. Mzee akakubali.

Lesieli alipona taratibu. Alimwomba Tevita msamaha, naye akakubali, ingawa pua ilibaki imepinda na aliwaambia wasichana wa shule kuwa aliumia kwenye ndondi. Jumapili moja ya kawaida mchungaji alimwita mbele, akazisema aya zake zote mpaka mwisho, na mama yake akazifuata kwa midomo, neno kwa neno.

Januari ilipofika, mlango wa chumba chake uligongwa kwa kidole kimoja. Safari hii aliyeleta chai alikuwa Baba Mkubwa. Dawa alizopewa zilikuwa zimeanza kumsaidia, na alikuwa na wiki nyingi hajarusha kitu. Walikwenda pamoja kwenye mtihani.

Daktari Hoa alisoma maneno. Lesieli aliyarudia yote, kwa mpangilio, kisha akataja miezi kinyumenyume bila kupumua, akasimama kwa mguu mmoja mpaka daktari akamwambia inatosha.

"Kumbe unayo akili!" alisema Daktari Hoa, akicheka.

Nje, Baba Mkubwa alikuwa ameegemea ukuta penye kivuli.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu yote, Baba Mkubwa."

"Bwana asifiwe," alisema yule mzee, akamshika bega. "Sasa ukiumia, watajua."