Kunde za Ciakuthii

Siku ya soko pale Ishiara, wanafunzi wakitoka shuleni hawakufuata barabara. Walipita katikati ya soko, ingawa njia hiyo ilikuwa ya mzunguko. Mbona wasipite? Kulikuwa na maembe mabichi ya kupakwa chumvi na pilipili, kulikuwa na miwa, na kulikuwa na watu chungu nzima wa kutazama.

Ciku alipita hapo kila siku ya soko pamoja na rafiki yake Nkirote. Nkirote alikuwa mgeni. Familia yake ilihamia Ishiara mwaka huo kutoka Mikinduri, na mama yake, Mukiri, alikuwa na kibanda cha nafaka karibu na lango la soko. Siku hiyo wasichana hao walikuwa wamesimama na wenzao kando ya mafungu ya vitunguu, wakitafuna embe, sauti ilipopaa juu ya kelele zote.

"Ciakuthii! Wewe Ciakuthii!"

Alikuwa bibi kizee mwenye kiondo mgongoni, mshipi wake umekaza kwenye paji la uso. Alipunga mkono huku akitabasamu.

Nkirote aliangua kicheko. "Ciakuthii! Kwani bado kuna watu wanaitwa hivyo? Huyo anayeitwa lazima alizaliwa enzi za babu zetu."

Wenzake wote walicheka. Ciku naye akacheka, tena kuwashinda. "Hata mimi sijui anamwita nani," alisema, kisha akainama nyuma ya vitunguu kana kwamba kamba ya kiatu imefunguka. Alikaa hivyo mpaka sauti ile ikanyamaza.

Sasa tusifichane. Ciku alijua vizuri sana anayeitwa ni nani. Kwao Mbeere, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Yule bibi alikuwa Ciakuthii, mama ya baba yake, na yeye mwenyewe alikuwa Ciakuthii. Baba yake, Njue, alipokuwa na furaha alimwita "mama," na Cucu, yaani nyanya yake, akimwona tu angesema, "Karibu, wajina wangu!" Nyumbani jina hilo lilikuwa tamu. Shuleni, Ciku aliliona kama gauni la kuazima. Kwenye rejista aliandikwa Purity Njue, na wenzake walimwita Ciku, kifupi alichokitunga mwenyewe hadi ndugu zake nao wakakizoea. Shuleni hakuna aliyejua kilifupishwa kutoka wapi.

Jioni hiyo Ciku alijilaumu. Alijiambia, "Jumamosi nitaenda kijijini, nimsalimie Cucu vizuri, nimwambie sikumsikia." Cucu aliishi bondeni, ng'ambo ya kijito, mwendo wa kuchosha miguu kutoka Ishiara. Jumamosi ilipofika kulikuwa na mechi shuleni. Ciku akasema ataenda ile nyingine.

Hakukuwa na nyingine. Presha ilimpanda Cucu ghafla akiwa shambani. Majirani walimkimbiza hospitalini, lakini alifika hajitambui, na kabla ya jua kutua alikuwa ameaga dunia. Njue alirudi nyumbani amevaa shati kinyume, hajui. Alikaa kwenye kiti, akamtazama binti yake.

"Mama," alimwita, akafunika uso kwa mikono.

*

Matanga yalikuwa kijijini, nyumbani kwa Cucu. Ndugu walifika kutoka Embu, kutoka Siakago, kutoka hata Nairobi. Mahema yalisimamishwa, nyimbo za kanisa zikaimbwa, na watu wa kuomboleza, kama ujuavyo, lazima wale. Shangazi Teresia, dada ya Njue, ndiye aliyekuwa mkubwa wa jikoni. Shangazi huyo alikuwa na sauti ya kumwamsha ng'ombe wa kijiji cha pili.

"Ciku! Mahindi yako motoni na kunde zimekwisha kwenye gunia! Tutawapa watu mahindi matupu? Hebu tafuta kama mama aliacha zingine mahali. Haraka, mtoto!"

Ciku aliingia jikoni mwa Cucu, chumba kidogo cheusi kwa moshi. Alitafuta kwenye vyungu, akakosa. Akainua macho. Juu ya mafiga, kwenye dari ya fito, kulikuwa na kibuyu kikubwa kilichozibwa kwa gunzi la mahindi. Alipanda kigoda akakishusha. Kilikuwa kizito. Alipochomoa gunzi na kukiinamisha, zilimwagika kunde ndogondogo zenye madoadoa mekundu, zimechanganywa na jivu.

"Zipo, shangazi, lakini zina jivu!"

"Ubarikiwe! Ondoa hilo jivu, lete!"

Ciku alizipeta, akaziosha, akazitia zote chunguni. Alifurahi kidogo, maana tangu kifo cha Cucu hiyo ilikuwa mara ya kwanza kujiona amefanya jambo la maana. Pure hiyo, yaani mchanganyiko wa mahindi na kunde, ilinukia hadi nje. Watu walikula wakaomba waongezwe.

Njue aliingia jikoni kurudisha sahani. Alisimama ghafla. Kibuyu kilikuwa sakafuni, mdomo wazi, gunzi pembeni.

"Nani amekiamsha kibuyu?"

Aliuliza kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyomtisha Ciku. Tena alikuwa amewahi kulisikia neno hilo mahali. Likamrudia lote. Likizo ya Agosti, hapohapo jikoni, Cucu akinyoosha kidole juu. "Wajina, unakiona kile kibuyu? Kimelala. Asikiamshe mtu mpaka tusikie mvua." Na yeye Ciku, macho kwenye mchezo wa simu ya baba, akajibu, "Sawa, Cucu." Cucu akauliza, "Nimesema nini?" Akajibu, "Umesema kibuyu." Cucu alicheka sana siku hiyo.

"Ni mimi, baba," Ciku alisema. "Nimezipika."

"Zote?"

"Zote."

Njue aliketi kwenye kigoda cha mama yake. Shangazi Teresia, ambaye kumbe alikuwa mlangoni, alishika kichwa. "Uuwi! Na mimi ndiye niliyemtuma! Mbegu za mama! Tumekula mbegu za mama kwenye matanga yake!"

Njue akamweleza binti yake, taratibu, kama mtu anayeongea na nafsi yake. Kunde hizo Cucu alipewa na mama mkwe wake siku alipoolewa. Huiva upesi, hata mvua ikikatika mapema. Mwaka ule wa ukame mkubwa, mahindi ya kila mtu yalikauka, lakini zile kunde ziliwalisha Njue na Teresia wakiwa wadogo, na nusu ya majirani pia. Siku hizi majirani walikuwa wamegeukia kilimo cha ndengu na cha muguka, majani yale ya kutafunwa. Cucu peke yake ndiye aliyebaki nazo, akizilaza juu ya moshi kila mwaka ili wadudu wasiziguse.

"Dukani hazipatikani?" Ciku aliuliza, machozi yakimtiririka.

"Hizo? Wapi!"

Usiku huo Ciku hakugusa chakula. Alimlilia Cucu na kuzililia kunde pamoja, asijue analilia kipi zaidi.

*

Siku ya mazishi, darasa la Ciku lilikuja na mwalimu wao kumpa pole. Nkirote alikuja na mama yake, Mukiri. Karatasi za ratiba ziligawiwa, picha ya Cucu mbele, na ndani maneno machache: alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, alikuwa mkulima hodari na mcha Mungu. Mukiri alipoiona picha alishtuka, akasogea mbele kutazama vizuri.

Mwendesha ratiba alishika kipaza sauti. "Sasa tumsikie mjukuu, kwa niaba ya wajukuu wote. Karibu Ciku."

Ciku alikuwa ameandikiwa la kusema na shangazi. Alisimama mbele, akaitazama ile karatasi, akaikunja.

"Jina langu si Ciku," alisema. "Mimi ni Ciakuthii. Nimepewa jina la Cucu. Karatasi inasema Cucu alikuwa mkulima hodari, na mimi sijui zaidi ya hapo kwa sababu sikumuuliza. Aliniambia habari za kibuyu chake cha mbegu, nikawa nacheza na simu. Sasa mbegu hizo nimezipika. Zile kunde mlizokula jana ndizo hizo. Naomba mnisamehe, na Cucu anisamehe."

Mzee mmoja aliyekuwa ameomba aongezwe mara mbili aliangalia chini. Nkirote, kule nyuma, alifungua mdomo akausahau wazi. Na Mukiri alikuwa amesimama wima, mkono kifuani.

Baada ya kaburi kufunikwa, Mukiri alimfuata Ciku. "Ndiwe Ciakuthii? Mwanangu, nimekutafuta hadi nikachoka. Baba yako akikuruhusu, kesho pitia kibandani kwangu."

*

Kesho yake, Ciku na baba yake walienda sokoni. Mukiri aliinama chini ya meza, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Alikifungua polepole. Ndani kulikuwa na jivu, na ndani ya jivu, kunde ndogondogo zenye madoadoa mekundu. Zilikuwa konzi moja tu.

Njue alivua kofia.

"Siku ile ya soko nyanya yako alikaa hapa, kwenye hiki kigoda, akapumua," Mukiri alieleza. "Nikamuuliza, 'Cucu, kuna mtu umemkosa?' Akaniambia, 'Nimemwita Ciakuthii, wajina wangu, lakini soko lina kelele, mtoto hakusikia. Mgongo wangu umeanza kukataa jembe. Nataka mwaka huu aanze kupanda yeye. Mpe hizi akipita kutoka shuleni, na umwambie ni za kulala, si za chungu.' Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi nina mtoto shuleni hapo. Kila jioni nilimuuliza Nkirote, 'Kuna msichana anaitwa Ciakuthii?' Naye akaniambia hakuna mtu wa jina hilo shule nzima."

Nkirote alikuwa amesimama pembeni, akichora mchanga kwa kidole cha mguu. "Ningejuaje, mama?"

Ciku alizitazama zile kunde. Ujumbe ulikuwa hapa siku zote hizo. Za kulala, si za chungu. Ungemfikia, kibuyu kingekuwa bado juu ya dari, kimejaa. Ungemfikia kama tu angelitumia jina lake. Lakini kilichomchoma zaidi ni kwamba Cucu alimtetea mbele ya watu, akalisingizia soko.

"Nilisikia," alisema. "Si kelele za soko. Nilimsikia vizuri, nikajificha. Nilimwonea haya." Akalia kwa sauti, hapohapo sokoni, bila kujali ni nani anayemtazama. Mukiri alizunguka meza akamkumbatia, na Nkirote akaja kumshika mkono.

*

Mvua ziliposikika zikinguruma upande wa Kiambere, Njue na Ciku walienda kijijini. Nkirote aliomba kufuatana nao. Njue alichimba mashimo na Ciku akaziweka kunde moja moja, hakumwaga. Zilitosha mistari michache tu nyuma ya jikoni ya Cucu, karibu na kaburi.

Njue aliegemea jembe. "Mimi nilikuwa na hasira siku ile, mama, lakini hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mwenyewe. Sisi ndio tulioandika 'mkulima hodari' kwenye karatasi, na hakuna aliyekaa naye kumuuliza alipanda nini na kwa nini. Nilikuwa nikija hapa mbiombio, namwachia sukari, naondoka. Wewe umesema ukweli mbele ya watu, na hiyo ndiyo iliyoturudishia hizi chache. Ungenyamaza, kile kitambaa kingeoza chini ya meza."

"Lakini yeye hatanisikia tena nikimwomba msamaha."

"Hatakusikia," Njue alisema. Hakutaka kumdanganya mtoto. "Hilo utaishi nalo, na mimi pia nitaishi na langu. Ndiyo maana nakuambia mapema: mtu wako akiwa hai, ukimsikia anakuita, mwitikie. Muulize habari zake angali na pumzi ya kukujibu. Akishaondoka, utaitika mpaka koo likauke. Na jina ulilopewa lishike, kwa sababu watu wanaokutafuta watakutafuta kwa hilo."

Ciku alifukia shimo la mwisho kwa mkono, akalipapasa. Kile kibuyu kilikuwa kimerudishwa juu ya dari, kitupu, kikingoja mavuno. Huenda mwaka huu kisijae hata robo. Mwaka ujao labda kitafika nusu.

Nkirote alikuwa ameshuka kijitoni kuchota maji ya kunawa. Sasa sauti yake ilipanda kutoka kule chini, kubwa, bila kicheko chochote ndani yake.

"Ciakuthii! Ciakuthiii!"

Msichana alishtuka. Kwa kitambo kidogo alitazama upande wa kaburi. Kisha alisimama, akafuta machozi kwa mkono uliojaa udongo, akaitika kwa nguvu zake zote hadi ng'ambo ya kijito:

"Nimesikia! Niko hapa! Nimesikia!"