Nipe Nikupakatie

Harufu ya udi ilimfikia Mwanapili mchana, jua la utosini, na nyumba nzima hapakuwa na hata kaa la moto. Akafuta pua, akarudi kwenye kompyuta yake.

Kazi yake ilikuwa kutunga maneno ya kanga. Yeye yuko hapa Waa, Cynthia mchoraji yuko Ukunda, Eunice mkubwa wao yuko Nairobi. Hukutana kwenye kioo cha kompyuta tu. Chumbani kwake, kati ya kitanda na nguo mbichi za mtoto, neno lilikuwa haliji. "Tafuta mahali pako," Eunice alimwambia. "Akili haizai kwenye msongamano." Basi akahamia chumba cha marehemu mavyaa wake, chenye ubaridi na dirisha pana. Akakalia kigoda kilichokuwemo, kile chenye kitambaa chekundu, na chetezo cha udi akakifanya kikopo cha kalamu.

"Wifi, kigoda hicho hakikaliwi," Maimuna, dada wa mumewe, alimwonya. "Kina mwenyewe, na mwenyewe si mama."

"Basi na aje anisaidie kutunga!" Mwanapili alicheka.

Na maneno yakaja kama mfereji uliopasuka. Siku tatu, kanga kumi na moja, Cynthia anapiga vigelegele kwenye simu.

Mchana huu, Warda, mtoto wake wa miezi mitatu, alikuwa akilia kwenye mkeka nyuma yake, na yeye neno liko kwenye ncha ya ulimi, ndipo sauti ya kike ikasema taratibu, "Wewe fanya kazi yako. Nipe nikupakatie."

"Haya, mpakate, ahsante wifi," akajibu bila kugeuka.

Mtoto akanyamaza. Punde si punde Maimuna akaingia kutoka kisimani, ndoo ingali kichwani.

"Wifi... mtoto kashikwa na nani?"

Mwanapili akageuka, na udi ukamkaba koo, na akamwona Warda, ambaye hata kukaa hajui, ameketi wima juu ya mkeka, mgongo umeegemea pasipo na kitu, anabembea taratibu kama anayeimbiwa, na alipomrukia na kumvuta, ikawa anavutana na mikono asiyoiona, mikono yenye joto, isiyotaka kuachia mpaka Maimuna alipotupa ndoo wakamvuta wawili.

Asubuhi yake wakamleta Bibi Mapenzi, mganga wa Kikoneni. Akafukiza, akakisemesha kigoda kwa adabu. Jibu likatoka kinywani mwa Maimuna, kwa sauti isiyo yake: "Mmenikalia! Mmenijaza kalamu!"

"Tuwie radhi, bibi mkubwa," mganga akasema. "Kiti chako hiki, chetezo chako hiki. Tuachie mtoto."

Maimuna akaanguka, akaamka akiomba maji. Chumba wakakitia kufuli.

Mwanapili akarudi kwenye kitanda chake na nguo zake mbichi, akamshukuru Mungu. Siku mbili hakutunga hata neno moja. Ya tatu, Warda akilia pale kitandani, simu ikaita.

"Mwanapili, hili la leo limetumaliza!" Cynthia akasema. "Eunice anataka lichapwe vilevile."

"Lipi? Mimi sijatuma kitu."

"Wacha mzaha bana. Si hili hapa? *Kiti mmenirudishia, mtoto nilipewa.*"

Nyuma yake, Warda akanyamaza ghafla, kama mtoto aliyepata mapaja.