Mstari wa Kijani Usiotikisika

Betri ilikuwa jikoni kwenye chaji. Mashine yenyewe, ile ya kutafutia samaki, ilikuwa sebuleni juu ya kabati, kavu kama ugali wa juzi. Na bado ilikuwa inawaka.

Rama aliitazama, kikombe cha chai mkononi, akajiambia ni mwanga wa dirishani. Mtu akitaka kudanganywa hamkosi wa kumdanganya, hata akiwa peke yake. Kwenye ule uso wa mviringo palikuwa na mstari mmoja mwembamba wa kijani, umetulia. Akanyoosha mkono, akakishika kile kitufe cha nguvu kinachozungushwa kama cha sauti ya redio, akakirudisha chini mpaka mwisho. Mstari ukafifia, ukapotea. Ikabaki harufu ya tope na majani yaliyooza.

Jikoni, binti yake Ikhlas alikuwa anaimba huku akioshwa uso. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

"Endelea basi," mama yake, Mwanamisi, alimwambia.

Mtoto aliendelea. Midomo ilicheza vizuri, lakini sauti ilitoka nyembamba, ya mbali, utadhani anaimbia nyumba ya tatu.

Jambo hili halikuanzia hapo Gitothua kwa Rama. Lilianzia Mugutha, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa mpaka yakajaa maji ya mvua. Rama alikuwa akivua ngege huko juu ya chelezo cha mitungi ya plastiki, na mashine alitumiwa na shemeji yake aliye Kanada, nchi ambayo watu hutoboa barafu wakavua kupitia tundu. Barafu ya pekee aliyoijua Rama ilikuwa ya kwenye friji, lakini mashine haikujali. Unatumbukiza kichwa chake majini, nayo inakuonyesha kilicho chini: nyekundu ni mwamba, kijani ni kitu laini. Kwenye maji mafupi yenye magugu uso wote hujaa kijani, usione la maana. Dawa yake ni kupunguza nguvu polepole mpaka magugu yafutike, abaki samaki. Kwa kupunguza, Rama alikuwa bingwa.

Siku Kang'ethe, mchonga mawe, alipokosekana na viatu vyake vikakutwa ukingoni, vijana walipiga mbizi upande wenye kina. Upande wa magugu walikataa.

"Buda, huko siingii," mmoja alisema. "Hayo majani yanashika mtu mguu. Wacha Rama aangalie na mashine."

Wangechi, mke wa Kang'ethe, alikuwa amesimama ukingoni amekumbatia koti la mumewe. Rama akasukuma chelezo, akatumbukiza, na uso ukajaa kijani kinachotikisika, maana magugu hayatulii majini. Katikati yake palikuwa na mstari usiotikisika.

Aliuona. Tusimtetee. Aliuona, akazifikiria hoteli za Ruiru zinazonunua samaki wake, akajiuliza ni nani atakayekula ngege waliolala na maiti. Kisha akapunguza. Magugu yakafutika, na ule mstari nao ukafutika. Akaigeuza mashine watu wote waone ilivyo safi.

"Huku hakuna mtu," akasema.

Basi maneno yakaanza. Kang'ethe ametoroka, viatu ameacha makusudi, ana mwanamke huko Thika. Mama mkwe akamwambia Wangechi usoni kwamba mwanamume hakimbii nyumba yenye amani. Rama akayasikia yote na akaendelea kuvua, ila yeye mwenyewe samaki walimshinda kumeza. Ikhlas ndiye aliyekula, kichwa mpaka mkia.

Tangu asubuhi ile ya betri, mstari ulirudi kila siku, kila siku ukiwa umepanda kidogo kutoka chini kuja juu, na kila Rama alipoupunguza sauti ya mtoto ilipungua nao, kwanza akawa ananong'ona, kisha ikawa lazima uinamie mdomo wake, mpaka Jumamosi moja, jua likiwa bado mlangoni, alipomwagikiwa na chai ya moto mguuni, akafungua mdomo wote akalia, machozi yakimtiririka na koo likimtetemeka, na nyumba nzima ikabaki kimya kiasi kwamba walisikia maji yakidondoka, tone baada ya tone, ndani ya kabati lisilo na maji.

"Baba Ikhlas," Mwanamisi alinong'ona, amemkumbatia mtoto. "Humu ndani kuna mtu."

"Nani?"

"Simuoni. Lakini ananuka dimbwi. Ni nini umetuletea?"

Rama akatafuta viatu, wakampeleka mtoto hospitali.

Daktari alimtibu mtoto mguu, akamulika koo, akasema ni zima kabisa. Wakaenda Kamenu kwa Bi Leila, mama anayekaanga mahamri asubuhi na kuwasomea watu dua alasiri. Alinusa nywele za Ikhlas mara moja tu, akamwomba Mwanamisi ampeleke mtoto nje.

"Ulificha nini majini?" akamuuliza Rama.

Rama akaeleza yote, macho yako kwenye mkeka.

"Kang'ethe hana ubaya na wewe," Bi Leila alisema. "Maiti hamfuati mtu. Ila lile dimbwi lina jini wake, na ndiye aliyemshika. Wewe ukamsaidia kuficha. Sasa anakuona mwenzake, na mwenzako huingia kwako bila hodi. Kila ukipunguza, yeye anachukua."

"Nifanye nini?"

"Mambo mawili. Mtoe huyo mtu, umrudishe kwa wenyewe. Halafu umwambie mke wake, kwa mdomo wako, kwamba siku ile uliona."

"Kumtoa peke yake hakutoshi, Bi Leila?"

"Hakutoshi. Sauti ya mtoto itarudi, ila haitadumu. Mimi nitasoma, lakini kisomo hakifungi mlango ulioshikiliwa na uongo."

Kesho yake asubuhi Rama alikuwa Mugutha, pamoja na Wangechi, vijana wa mbizi na ndugu wawili wa Kang'ethe wenye kamba na kulabu. Alitumbukiza kichwa cha mashine, na kwa mara ya kwanza akakizungusha kitufe kwenda juu, mpaka mwisho. Uso ukafurika kijani. Kila kitu kilitikisika isipokuwa kimoja.

"Hapa," akasema.

Magugu yalipanda kwanza, mzigo mzima, kisha Kang'ethe ndani yake. Wangechi aliutambua mshipi wake wa suruali. Hakupiga kelele. Alivua leso yake akamfunika.

Simu ya Rama ikalia. Alidhani ni Mwanamisi.

"Baba!" Ilikuwa sauti ya Ikhlas, kubwa, yenye makelele yake yote. "Baba, naongea! Mama analia. Ukirudi uniletee ndizi, zile ndogo, na..."

Rama aliketi juu ya jiwe akalia bila kujificha. Wangechi akaja akaketi kando yake, akamshika mkono.

"Asante, Baba Ikhlas. Watu wamenitukana mpaka nikaanza kuamini. Wewe peke yako umerudi kumtafuta." Akaitazama ile leso. "Niambie tu moyo wangu utulie. Ile siku ya kwanza, mashine haikuona kitu?"

Simu ilikuwa bado sikioni, Ikhlas akiendelea kuhesabu matunda anayoyataka. Ndugu wa Kang'ethe walikuwa wamesimama na kamba zao, wanasikiliza. Rama aliangalia mikono yao, kisha mkono huu uliokuwa juu ya wake, unaomshukuru. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Lilikuwa neno fupi.

"Haikuona," akasema. "Magugu yalikuwa mengi."

"Nilijua," Wangechi alisema, akampapasa mkono.

Kwenye simu, Ikhlas alikuwa amefika kwenye maembe. Neno likakatika katikati.

"Ikhlas?" Rama aliitoa simu sikioni akaitazama. Haikuwa imekatika. Akairudisha. "Ikhlas, mama, sema na baba."

Alisikia tone la maji. Kisha lingine. Kisha Mwanamisi, mbali, akiita jina la mtoto, na sauti yake nayo ikianza kufifia.

Kwenye chelezo, ambapo hapakuwa na mtu, kitufe cha mashine kilikuwa kinazunguka chenyewe, polepole, kurudi chini.