Maziwa ya Paka wa Mama Kisilu

"Kaluki, paka hapumui!" mwanafunzi mwenzake akapaza sauti.

Daktari Muthama alimsukuma Kaluki kando, akampanua paka mdomo kwa vidole. Maziwa yaliyoganda yakamtoka. Yalikuwa yamempanda kooni akiwa kwa usingizi wa dawa, yakamziba pumzi. Daktari alimkanda kifua, akamwinua miguu juu, wapi! Kisu hakikuwa hata kimemgusa.

"Nilikuuliza kama amelala njaa. Ulinijibu nini?"

"Nilisema ndiyo, Daktari. Kisilu ndiye amemleta kutoka kwao. Aliniambia hajala kitu."

Wanafunzi wa udaktari wa mifugo, walioletwa Tawa mwaka huo wa 1984 kujifunza kulaza wanyama kabla ya upasuaji, walimgeukia Kisilu. Huyo alisoma nao, na ndiye mchumba wa Kaluki. Mbuzi wa ntheo, wanaomfanya msichana wa Kikamba kuwa mke wa mtu, walishafika kwa baba yake.

"Mimi sikumwambia hivyo," Kisilu akasema, macho chini.

"Basi toa koti, Kaluki. Mwongo hashiki sindano kwangu. Chuo kwako kimekwisha leo."

Kaluki alilia njia nzima. Hata hivyo, adabu ni adabu. Alipitia kwa mama mkwe kumpa pole ya paka.

"Nisamehe mimi, mwanangu," mama akasema. "Asubuhi alilia sana, nikamwonea huruma, nikampa maziwa. Kwani Kisilu hakukuambia? Si alikuwa amesimama hapo mlangoni akiniangalia!"

Kisilu mwenyewe aliingia akasikia.

"Twende kwa Daktari umwambie ukweli," Kaluki akamsihi. "Tafadhali, Kisilu."

"Nikisema, nafukuzwa mimi. Wewe nitakuoa, utakula. Mimi nikifukuzwa, tutakula nini?"

"Nitaenda mimi nimwambie," mama akasema.

"Mama, ukienda umeniharibia maisha."

Mama alimtazama mwanawe, akamtazama Kaluki. Kisha akachukua ufagio, akaanza kufagia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Kaluki hakuwa wa tumbo lake.

Jioni Kaluki alimkuta baba yake, mzee Ndolo, akifungia mifugo.

"Baba, mpelekee Kisilu mbuzi wa kumkataa, ntheo ivunjike."

"Kaluki! Chuo kimeenda, na bwana naye aende? Utabaki na nini?"

"Sina kitu, baba. Mpelekee tu."

Mzee alifungua zizi tena. Halafu akaingia na kamba kumfunga mbuzi wa kupeleka.